Diski ya Ishirini na Nne

Bensham, Gateshead, juu ya duka la mazulia:
gemu moja ya mkononi, kaseti moja, watoto wawili,
na betri tulizochomoa kwenye rimoti
mama akishatoka kwenda zamu.

Mwanakombo alikuwa na miaka kumi na miwili, na daftari.
Kila diski aliiandikia namba, pigo, na ilikopatikana.
Ya tatu, Upepo-Wembe: pangoni, nyuma ya jiwe.
Ya kumi na moja, Usingizi: tulipewa na kizee wa gatini
kwa sababu tu tulimsemesha mara mbili.
Ya ishirini na nne, Radi:
kwa bingwa wa mji wa tatu,
aliyetushinda mara sita kabla hajaitoa,
na akaitoa kwa kinyongo, kama anayelipa deni.

Kwa asiyejua, sheria ilikuwa hivi:
diski hufunza dude moja, mara moja, ikavunjika.
Haiuzwi. Hairudi.
Na dude lina nafasi ya mapigo manne, basi;
zikijaa, skrini inauliza bila haya
lipi lisahauliwe.

Radi ilikuwa ya Sisimizi.
Daftari lilisema hivyo kwa wino mwekundu, mistari miwili chini yake:
SISIMIZI, AKIFIKA LEVO YA THELATHINI.
Alikuwa ishirini na saba.

Jumanne ile mvua ilinyesha kiubavu,
Mwanakombo kabakizwa shule kwa kumjibu mwalimu wa hesabu
(mwalimu ndiye aliyekosea),
nami, miaka tisa, peke yangu na Bonge.

Bonge, dude letu la kwanza.
Mnene, miguu mifupi,
macho yametengana kama ndugu waliogombania shamba.
Alijua kunguruma, kutikisa mkia, kupiga kichwa,
na la nne, kujikunja.
Wenzake walitema moto; yeye alijikunja.
Tulimweka mwisho wa foleni miezi mitatu.
Nilimwonea huruma, sina utetezi mwingine.
Au niseme hili: shuleni, mimi pia, nilikuwa najikunja.

Skrini ikauliza. Nikachagua hilo hilo la kujikunja.
Mlio mdogo, kama kijiko kimeanguka jikoni kwa jirani,
na mkobani diski haimo.

Siku nne Mwanakombo hakunisemesha.
Hata chumvi aliiomba kwa kidole.
Mama karudi asubuhi kutoka kusafisha wodi,
viatu mkononi, akasikiliza kesi yote.
"Si mkanunue nyingine?"
Haiuzwi, mama.
"Basi mrudisheni alivyokuwa."
Haiwezekani, mama.
Akafikiri. "Kumbe ni chanjo," akasema,
"ikishaingia imeingia."
Akalala na koti lake.

Na Bonge? Radi yake ilikosa shabaha
mara tatu katika kumi; tulihesabu.
Ilipiga miti, ilipiga maji, ilipiga hewa tupu.
Lakini ilipopata, skrini yote iligeuka nyeupe,
na Mwanakombo, aliyejifanya hatazami,
akapepesa macho.

Siku hizi anafundisha watu kuendesha foklifti kule Washington
(si ya marais; hii ya jirani, ya kiwanda cha magari),
wanafunzi kumi na wanne kwa wiki, maneno yale yale,
na Ijumaa jioni sauti bado anayo.
Juzi kamnunulia Idarusi wake toleo jipya.
Saa sita usiku ananiandikia:
*diski za sasa hazivunjiki.
unamfunza huyu, unamfunza yule, hata mdudu wa kupita njia.*
Kisha, baada ya dakika kumi:
*hawa watoto watakosana kwa lipi?*

Nikapanda darini. Kaseti ipo, betri ya ndani imekufa,
safari zote zimefutika, Bonge hayumo.
Daftari lipo. Ukurasa wa nane.
Ishirini na nne, Radi. Sisimizi kakatwa kwa rula.
IMETUMIKA, kwa herufi zilizotoboa karatasi.
Na pembeni, kwa penseli, mwandiko umetulia,
sijui ni wa mwaka gani:
*Bonge. Sawa tu.*