Mia na Arubaini

Picha elfu tatu zimo kwenye diski:
vifua vya watu wa Faza, wa Siyu, wa Kizingitini,
na vya Langoni humu humu, jirani zangu.
Zenye jina la ugonjwa pembeni: mia na arubaini.
Zilizobaki ni kimya cha mbavu.

Daktari Famau huja baada ya isha,
kope zimemwelemea, mikono yanuka sabuni ya wodi.
Huweka alama kumi na mbili, kumi na tatu,
halafu umeme unakatika Mkomani kote
nasi twakaa gizani, feni ikifa polepole.
"Kesho, Swabra." Kesho ana zamu ya wazazi.

Basi nikafanya hila za maskini,
kitoweo kimoja kukilia sahani saba:
picha nikaipinda nyuzi tano, nikaififiza, nikaikuza.
Nikaigeuza kama leso, kushoto kuwa kulia,
na mioyo ya watu wote ikahama upande.
Famau alicheka hadi akakohoa:
"Mwanangu, umetuumbia kaumu mpya!"
Hila hiyo nikaifuta. Nyingine nikaziacha.

Zile bubu, mashine ikazisoma yenyewe.
Naziba kipande cha pafu, inakisia kilichozibwa,
kama mtoto wa chuoni asiyejua maana
ila aijua herufi iliyorukwa.
Ndipo nikaipa zile mia na arubaini.

Tisini na tatu kwa mia!
Nusura nipige kigelegele, usiku wa manane.

Famau akauliza neno moja: "Imetazama wapi?"
Nikaiamuru ionyeshe. Ikapaka wekundu
si kwenye ncha ya pafu, si kwenye tundu,
bali hapa, chini ya koo,
juu ya kijisanduku cheupe:
hirizi.

Za fedha, za bati,
moja ya kifuniko cha soda kilichokunjwa.
Walioumwa sana ndio waliozivaa,
na mpiga picha hakuwa na moyo wa kuwavua.
Mashine haikujua kifua kikuu.
Ilijua nani ameogopa.

Mamangu alivaa yake miezi saba
kabla mtu hajatamka neno eksirei.
Kwa hesabu ile mbovu,
mashine ingemuwahi.

Asubuhi nimeziziba zote kwa mraba wa kijivu,
moja moja, bismillahi ikinitoka bila kukusudia.
Tumeanza upya. Sasa ni sitini na nane.

Famau amekuja na miwani ya pili.
Picha ya mia na arubaini na moja.
"Na hii?"
Aitazama mpaka kahawa yapoa.
"Sijui," asema. "Andika: sijui."

Hakuna kisanduku cha sijui.
Nakiunda.