Sindano ya Pili

Saa tisa usiku, maabara, Moshi.
Rangi imekubali: vijiti vya waridi,
vimeota toka choo cha mtoto wa Pasua, miaka minne.
Ndeskoi wa wodini amekwisha mchoma sindano yake.
Ya adui haionekani kwa darubini hii;
naijua kwa vitabu tu.

Bakteria ana kuta mbili. Bomba limezitoboa zote,
kitako ndani, ncha nje,
tundu jembamba mno: protini iliyokunjwa haipiti.
Hufumuliwa, hunyooshwa, husukumwa
kama mama alivyolamba uzi
kabla ya kuutunga, kibarazani pale Mbuyuni,
jicho moja amelifumba.

Mpaka ncha iguse seli ya utumbo
ndipo hufyatuka. Hapotezi tone.
Kinachoingia hunong'ona tu,
na seli inajikunja, inainua ngozi yake,
inamkumbatia mgeni, inamvuta ndani yenyewe.

Hapo ndipo ninapochoka.
Mwizi wa kuvunja tunamjua;
huyu hufunguliwa na mwenye nyumba.

Naandika jibu, natia sahihi.
Nje baridi ya mlima imeshuka hadi getini.
Simu ya wodini inalia.
Naosha mikono kwanza.