Mgongo wa Kitasa

Mimi nilikuwa kipa. Ambakisye namjua kwa mgongo:
namba tano iliyoshonwa kwa mkono, uzi mweupe juu ya bluu,
na jasho lililoanzia katikati ya mabega
likafika kiunoni kabla ya dakika ya ishirini.

Uwanja wa Mlimani, mashindano ya vyuo.
Mashabiki kutoka Mabibo waliimba majina ya washambuliaji.
Lake halikuimbwa. Nani ashangilie bao ambalo halikuingia?
Mimi niliyaona yote,
mabao yaliyofia kwenye ugoko wake.

Alisomea uhandisi. Usiku alichora nyumba, akaniambia:
"Dastani, kuna kuta za kugawa vyumba na kuna kuta za kubeba.
Ya kubeba huitoboi hata tundu la waya."
Nilicheka.
Kesho yake aliibeba nusu fainali nzima
na kidole gumba cha mguu kimepasuka kucha.

Wakaja watu wa klabu, kutoka Kurasini,
na mkataba wa kurasa nne. Aliusaini juu ya boneti ya gari.
Mimi walinichukua kama nyongeza,
ile nyanya moja ya juu ya fungu.

Misimu saba. Chamazi, Uhuru, viwanja vya mikoani vyenye mashimo,
mshahara uliokuja kwa mafungu kama dozi.
Watangazaji walimwita Kitasa.
Washambuliaji wakaja na funguo zao:
chenga, viwiko, matusi ya mama.
Hakufunguka.

Mara mbili tu aligeuka akanitazama.
Ya kwanza, alipojifunga kwa kichwa, mvua ikinyesha.
"Samahani, jirani," akasema.
Ya pili hakusema kitu. Goti lilikuwa limeshasema,
mlio mdogo tu, kama njiti ya kiberiti.

Muhimbili walimtia vyuma viwili.
Klabu ilituma kapu la matunda, halafu barua.

Jana nimepita Goba, penye jengo la ghorofa tatu.
Mtu mnene, kofia ngumu ya njano, akaniita, "Jirani!"
Nikababaika. Sura ile sikuwahi kuizoea:
ndevu, pengo, macho madogo yenye kucheka.
"Shikamoo, mhandisi," nikasema, kwa adabu ya asiyejua.

Akageuka kumfokea fundi
aliyeshika tindo mbele ya ukuta usiotobolewa.

Hapo nikamjua.
Nikajikuta nimerudi nyuma hatua mbili, kwenye kokoto,
magoti nimeyakunja,
mikono nimeitanua.