Tundu Moja Ukutani

Fundi Mihayo amefika na saruji mifuko mitatu,
mwiko, kamba, na redio isiyoshika stesheni.
Hela ya tumbaku imetoka, asema mwanangu Lugembe,
mwaka huu nyumba ivae, tumechoka kuonekana mbavu.

Nikamwambia fundi, piga.
Piga upande wa barabara, piga jikoni,
ziba nyufa zote za mashariki anakotagia mjusi.
Ila hapo chini ya dirisha, kimo cha goti,
pana kibomba cha nta
chembamba kama mrija wa soda.
Hapo upite mbali.

Akachuchumaa. Akakodoa.
Walinzi saba wamejipanga mdomoni,
weusi, hawafiki ukubwa wa punje ya mchele.
"Mama, si wadudu hawa?"
Ni wadudu, baba.
Nami kwao ni mdudu mkubwa
anayeanika dagaa mlangoni pa watu.

Siwafugi. Asali yao sijaionja.
Nyuma hapa palikuwa na mtundu wenye pango,
tukaukata, tukachomea matofali haya haya.
Kwao ndiko kulikoivisha kwetu.
Walizunguka jivu siku tatu, nne,
kisha wakakuta ufa, wakaingia
bila kubisha hodi, bila kudai kodi ya nyuma.

Mwaka juzi Lugembe aliazima bomba la shamba la tumbaku
akanipulizia maboga, asubuhi, maua yakiwa wazi.
Alikuwa ananisaidia.
Kibomba kikanyamaza wiki nzima.
Vijiboga vikawa njano vikiwa saizi ya kidole gumba,
vikadondoka kimoja kimoja
kama meno ya mtoto.

Nikaamka alfajiri na unyoya wa jogoo,
nikawa mshenga wa maua:
kwa dume nachota unga, kwa jike napaka,
naomba radhi, nahamia shina la pili.
Saa nne jua likiwafunga midomo
mgongo wangu umeshakuwa upinde.
Wiki mbili za ushenga, maboga matatu.
Matatu! Na moja lilioza kitako.
Kazi waliyokuwa wakiifanya wale
njiani tu, wakienda kwenye shughuli zao.

Tangu hapo nimekuwa mkorofi wa mtaa.
Jumamosi ya usafi, hapa Ipuli,
tunafyeka kiwanja cha nyuma ya ofisi
mpaka udongo ung'ae kama kichwa kilichonyolewa.
Mimi nafyeka njia. Pembeni naacha
kivumbasha, mgagani,
na gugu moja la maua ya zambarau nisilolijua jina
ila wao wanalijua.
Bi Kalunde, mwenyekiti, akaja na daftari:
"Pembe hii ni ya nani? Faini elfu tano."
Nikasema, andika.
Akaandika. Kisha akainama, akachuma mgagani
kiasi cha mboga ya jioni,
akausogeza mkono ulipovuma,
akachuma upande wa pili.
Faini sijaletewa mpaka leo. Sijaiulizia.

Mihayo amemaliza magharibi.
Kando ya kibomba amezungusha mwiko,
ameacha duara la udongo wa kale, kama kitovu
kwenye tumbo jipya la nyumba.
Lugembe amesimama barabarani, kichwa upande:
"Sasa hili doa, wageni watasema nini?"
Na fundi, akihesabu noti:
"Kwa kuruka tundu sikupunguzii, mama. Kuruka ni kazi."

Usiku sikulala vizuri. Saruji mbichi inanuka ugeni.
Kumi na mbili asubuhi nimekaa kwenye ndoo, nasubiri.
Ua la kwanza la boga limeshapanua.
Kibomba kimya.
Kimya bado.
Akatoka mmoja, akarudi ndani.
Akatoka.

Unyoya wangu wa ushenga uko wapi?
Nauchokolea sikio,
nisikie vizuri.