Shahidi Namba Nne

Nimesokota kamba miaka kumi na tisa
pale kiwandani, njia ya Pongwe.
Viganja vyangu vimeota magamba ya katani,
nikimshika mtoto shavuni, analia.
Kazi za kamba tunazijua: ya ng'ombe, ya kisima,
ya magunia ya machungwa ya Muheza,
ya kuvuta gari lililokufa njiani.
Ile nyingine hatuitaji.
Daftari linauliza urefu, unene, mteja. Basi.

Sufiani wangu alikuwa na baiskeli ya mikate,
kengele yake imelegea.
Ukisikia kri-kri Barabara ya Kumi na Tano
ujue ni wakati wa kuinjika chai.
Walimkuta Mabawa, kando ya mtaro,
sanduku halijafunguliwa.
Mikate ilikuwa bado ya moto.
Yeye alikwisha poa.

Jaji alisema "kunyongwa hadi kufa"
kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya sukari.
Huko nyuma wakapiga makofi, karani akawakemea.
Mimi nilikuwa nakitazama kisogo cha Erasto:
wembe ulikuwa umeruka kipande,
nywele zimebaki kama nyasi pembeni mwa reli.

Tangu siku hiyo kila mtu ana hukumu mfukoni.
Muuza kahawa: "Jino kwa jino, mama. Mungu mwenyewe kasema."
Fundi cherehani: "Sahau. Siku hizi hawanyongi,
anakula ugali wa kodi yako pale Maweni
akingoja saini isiyokuja."
Akaja na binti wa chuo, ana fomu na kalamu mbili:
unakubali sana, unakubali, hujui, hukubali.
Nikamuuliza, mwanangu, kisanduku cha usiku kiko wapi?
Maana mchana nakubali sana.
Saa tisa usiku, jogoo wa jirani akikosea saa,
namwona kijana amesimama juu ya ubao
na kamba ninaijua msokoto wake.
Akaandika: hajui.

Sheikh Mbaruku akanifungulia Kitabu taratibu.
"Mwenye damu ana milango mitatu:
kisasi, fidia, na msamaha, nao ndio bora.
Hapo neno ni lako, si la mwingine."
Nikamwambia, Sheikh, mlango wangu ulikuwa wapi?
Mahakamani nilikuwa shahidi namba nne.
Walinipa kandambili nizitambue, nikazitambua.
Nilipotaka kuongeza neno, wakili akasema, "Inatosha, mama."
Na jalada limeandikwa Jamhuri dhidi ya Erasto Mhina.
Jamhuri ndiyo iliyofiwa.
Sheikh akanyamaza, akavua miwani, akaifuta
ingawa haikuwa na vumbi.

Mama yake Erasto anaitwa Damari.
Nasikia kanisani kwao, padre akisema peaneni amani,
mkono wake hubaki hewani
mpaka aushushe mwenyewe.

Juzi tulikutana kwenye mashine ya kusaga, Makorora.
Watu wakaachana katikati yetu
kama wanaopisha jeneza.
Kiroba chake kilikuwa kimefungwa kwa kamba yetu,
nyuzi tatu, zamu ya usiku, mimi siikosei.
Alipokiinua, fundo likaachia.
Sijui nani aliipeleka miguu yangu.
Nilichuchumaa, nikakusanya mdomo wa kiroba,
nikapiga fundo la kiwandani, lile halifunguki kwa jino.
Vidole vyake vilikuwa vyeupe. Vyangu pia.
Hakusema. Sikusema.
Mashine nayo ikaendelea kunguruma.

Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikwisha amua:
Mama Sufiani kasamehe.
Wapo waliokuja kunipa pongezi, wameshika tasbihi.
Muuza kahawa alinimiminia kikombe bila kuniangalia,
akasema damu ya mtoto siku hizi ni rahisi.

Sikusamehe.
Unga ulikuwa unamwagika.