Mabano

Kazi yangu ni mabano.
Mheshimiwa akisema, naandika alichosema;
wenzake wakigonga meza, naandika (makofi);
akikohoa, siandiki.
Miaka kumi na tisa sasa, katika Bunge la Tbilisi,
na vidole vyangu vyazijua sentensi zao
kabla hawajazimaliza.

Leo kasimama wa kwetu, Avtandil Kvirkvelia,
mbunge wa mabonde matatu na mgodi mmoja wa manganisi.
"Watu wangu wanataka," akasema,
nami nikahesabu pembeni mwa karatasi: mara kumi na nne.
Mimi ni watu wake.
Mama yangu, Nazibrola, ni watu wake,
yeye na magoti yake, na ngazi mia tatu na sita
anazopanda na mkate tangu kigari cha waya kilipokatika.
(Hakikukatika. Kilisimama tu, juu ya mto,
na mbwa wa jirani ndani, kutwa nzima.)

Hakukitaja kigari.
Alitaja heshima ya taifa, akataja barabara ya watalii,
akamnukuu babu yake.
(Makofi.)

Nilitaka kumchukia, ingekuwa rahisi.
Lakini jioni, nikisikiliza kanda na kusafisha nakala,
nikamwona tena alivyosita kabla ya kura,
alivyomtazama kwanza kiongozi wa chama,
mkono ukiwa nusu hewani,
nikamkumbuka baba mbele ya msimamizi wa zamu,
kofia kifuani, akisema ndiyo
kwa mshahara aliojua umepunjwa.
Nikajikumbuka na mimi:
nilimchagua kwa sababu kwenye harusi ya binamu yangu
alileta divai, mapipa mawili, akacheza hadi viatu vikamvuka.

Basi anatuwakilisha.
Woga wetu kaubeba wote, haukumwagika njiani hata tone.
Magoti ya mama ndiyo aliyoyasahau nyumbani.

Kanuni yasema mwandishi haongezi neno.
Sijawahi kuongeza.
Usiku huu, baada ya "watu wangu wanataka" ya kumi na nne,
nimefungua bano, nikaandika
ngazi mia tatu na sita,
nikalifunga.

Kesho Bi Tsiala, mkuu wangu, atalifuta.
Au atalipita tu, kama wao wanavyoyapita,
kidole kikiteremka ukurasa
kutafuta majina yao.