Dakika Arobaini

Habari ilitufikia asubuhi, kabla ya kahawa,
na hapa Tampere kabla ya kahawa
hakuna linalohesabika kuwa limetokea.
Kwa hiyo tulitia maji, tukapima unga kijiko kwa kijiko,
tukasubiri mashine imalize kukoroma,
ndipo Ilmari akasoma kwa sauti, polepole,
kama asomaye bili ya mtu mwingine:

bangili zetu, zile za wazee,
zilizoahidi kwenye mabango ya tramu *usiku kucha tuko nawe*,
zilikuwa zinalala.
Tangu saa tano usiku hadi kumi na moja alfajiri
ziliuamsha mtambo mara moja tu kila dakika arobaini,
ili betri idumu, ili gharama ishuke,
na mzee mmoja wa Kangasala, nyonga imevunjika,
alilala sakafuni akibonyeza, akibonyeza,
kama agongaye mlango wa nyumba iliyohamwa.

Hakuna aliyesema "si kweli."
Hilo nalikumbuka.

Oona alikwenda msalani akafungulia mabomba yote mawili.
Veikko alitazama bei ya hisa zake,
akaifunga simu, akaifungua,
kama mtu anayechungulia maziwa yasifurike.
Eelis, yule kijana wa mauzo,
aligeuza koti la kampuni ndani nje
akaenda kupanda tramu hivyo hivyo, nyuzi na lebo vikipepea,
nembo imemlalia kifuani.
Ilmari alisema kila kampuni hufanya hivyo.
Alisema mara tatu. Ya tatu aliliambia dirisha.
Na Pirkko wa jikoni, ambaye hakuna aliyemwambia kitu,
alichungulia kuuliza kesho aoke maandazi ya iliki mangapi,
sabini kama kawaida?
Tukatazamana kana kwamba ametuuliza umri wa dunia.

Saa nne ikaja barua ya mkurugenzi.
*Sisi ni familia. Ya ndani tuyamalize ndani.*
Chini yake ulining'inia mwaliko wa sauna ya Alhamisi,
ghorofa ya saba, njoo na taulo lako,
ambao mtu alisahau kuufuta.

Lisemwalo lipo, husema watu.
Sisi letu lilikuwapo bila kusemwa
miezi kumi na minne, lina namba, lina tarehe, lina jina.

Jina nililipa mimi.
Kikaoni, mwezi Machi, theluji ikigeuka uji barabarani,
waliuliza utaratibu mpya tuuite nini,
nikasema, "Uiteni Usingizi. Wazee wanauhitaji."
Watu walicheka.
Nilifurahi walivyocheka.

Badiliko namba 4471. Aliyeidhinisha: herufi mbili.
Mchana ule nilizitazama muda mrefu
nikitumaini kuna mwingine ofisini anayeanza na herufi zangu.

Jioni nilitoa droo ya majaribio bangili yenye ukanda wa kijani,
nikaificha chini ya mkono wa sweta.
Nyumbani nilingoja ifike saa sita,
nikalala sakafuni jikoni, ubavu wa kushoto,
nikabonyeza.

Friji liliguna. Chini ya jiko kulikuwa na kifuniko cha chupa
na tambi moja ya mwaka gani sijui.
Dakika ya tisa bega likaanza kuuma.
Ya ishirini nilikwisha jua sauti ya kila bomba la jengo.
Ya thelathini nilianza kuomba, mimi nisiyeomba,
wala si msaada, mtu tu.
Nami nilikuwa mzima!
Ningeweza kuinuka wakati wowote nikachemsha chai.

Ya thelathini na saba, sauti ya mwanamke,
nzito kwa uchovu wa zamu:
"Haloo? Umeanguka?"

Nilinyamaza.
Kisha nikamtajia saa niliyobonyeza,
nikamtajia jina langu, lote, si herufi mbili,
nikamwomba atafute kalamu.